Kabla ya Kutoboa Dari Yenye Nyaya za Joto

Ukihamia nyumba ya zamani huko Marekani au Kanada, ukakuta kila chumba kina thamostati yake ukutani lakini huoni redieta, huoni matundu ya hewa moto sakafuni wala mabomba ya maji ya moto, inua macho. Huenda jiko la nyumba hiyo liko juu ya kichwa chako. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakati umeme ulipokuwa rahisi na makampuni yakishindana kuuza matumizi yake, nyumba nyingi zilijengwa kwa joto la dari: waya mwembamba uliotandazwa kwa mizunguko juu ya chumba kizima, ukafunikwa kwa plasta, ukasahaulika. Mwaka 1956 General Electric na Westinghouse walianzisha kampeni ya kuhimiza maisha ya umeme mtupu, na mwaka uliofuata nyumba zilizotimiza masharti zikaanza kutunukiwa medali. Hadi leo baadhi yake zina kibati cha rangi ya dhahabu karibu na kengele ya mlango. Ukikiona kibati hicho, usiguse dari kwa keekee mpaka ujue kilichomo. Bei ya umeme ilipopanda miaka ya 1970 mtindo huo ulififia, lakini nyumba hazikubomolewa. Ndizo zinazopangishwa na kuuzwa sasa, na Waswahili wengi waliohamia huko wanaishi ndani yake.

Dari hizo mara nyingi hazina taa. Mjenzi aliweka soketi moja inayowashwa kwa swichi ya ukutani, akategemea mwenye nyumba achomeke taa ya mezani. Kwa mtu aliyezoea taa katikati ya chumba, giza hilo linakera, na wazo la kwanza ni kutoboa matundu manne au sita, kuweka daunlaiti, na kumaliza kazi Jumamosi moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Jumamosi hiyo. Hoja yangu ni kwamba nyaya za joto zinaweza kutafutwa na kuonekana kwa usahihi mkubwa, lakini anayezitafuta akitarajia kupata nafasi ya kutoboa anajiandaa kudanganywa na macho yake. Zitafute ili ujue dari inaruhusu nini. Katika vyumba vingi jibu litakuwa kwamba hairuhusu tundu jipya hata moja, na taa itabidi ikae mahali pengine.

Kwanza elewa dari ilivyojengwa, kwa sababu kila kipimo kitakachofuata kinatokana na ujenzi huo. Chini ya boriti za mbao kumepigwa ubao wa jipsamu. Chini ya ubao huo ndipo waya wa joto ulipobanwa kwa pini, ukienda na kurudi sambamba na boriti kama mistari ya daftari. Halafu ukafunikwa kwa plasta, au kwa plasta na ubao wa pili wa jipsamu usiozidi unene wa milimita 13. Waya wenyewe ni mwembamba, una ganda la plastiki, na kwa kawaida hutoa wati 9 kwa kila mita. Ni mmoja, haujakatwa tangu mwanzo hadi mwisho: unaingia chumbani kutoka kwenye thamostati, unazunguka dari yote, unarudi ulikotoka. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, katika kifungu cha 424, haikubali mistari miwili ya waya wa aina hiyo ikaribiane kuliko milimita 38 kutoka katikati hadi katikati. Sehemu zenye baridi zaidi, kama vile kando ya madirisha, waya huweza kusogezwa karibu kufikia kipimo hicho. Sehemu nyingine huachanishwa zaidi.

Sasa pingamizi la kwanza, linalosikika sana kwa mafundi waliojifunza kazi Dar es Salaam au Nairobi, ambako juu ya siling bodi hakuna kitu zaidi ya waya wa taa na vumbi: nikikata waya, breka itaanguka, nitajua, nitatengeneza. Breka haitaanguka. Ukiukata waya wa joto katikati umefungua sakiti, na sakiti iliyofunguka haina mkondo wa kuiangusha breka. Utabaki na ncha mbili zenye umeme ndani ya plasta na chumba kizima kisichopata joto. Hali mbaya zaidi ni pale usipoukata, bali skrubu inapochuna ganda lake na kuugusanisha na boksi la chuma la taa lililounganishwa na ardhi. Fanya hesabu. Nyumba za huko hupelekewa volti 240 kwa nyaya mbili, kila mmoja ukiwa na volti 120 kulinganisha na ardhi. Waya wa wati 1500 una ukinzani wa omu 38.4 na hupitisha ampea 6.25. Ukichunwa kwenye robo ya urefu wake ukagusa ardhi, robo hiyo yenye omu 9.6 inapata volti 120 peke yake, na mkondo ndani yake unakuwa ampea 12.5. Huo ni mara mbili ya kawaida, na kwa kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo, robo hiyo inatoa joto mara nne. Breka ya ampea 20 inauona mkondo huo kuwa mzigo wa kawaida tu, wala haishtuki. Sehemu hiyo ya dari itaendelea kuokwa kimyakimya, juu yake kukiwa na mbao kavu za miaka 60.

Pingamizi la pili ni dogo lakini limedhuru watu: thamostati nimeizima, kwa hiyo waya umekufa. Thamostati nyingi za nyumba hizo hukata waya mmoja tu kati ya zile nyaya mbili. Mwingine unabaki na umeme wake saa zote, kiangazi na masika, na waya mzima wa dari unabaki na volti 120 hata kama chumba ni baridi. Katika mfano wa waya uliochunwa, mkondo unaweza kuendelea kwenda ardhini na thamostati ikiwa imezimwa kabisa. Kazi yoyote ya mikono kwenye dari hiyo inaanza kwenye boksi la breka. Zima breka ya ncha mbili ya chumba husika, ifunge au iwekee alama mtu asiiwashe, kisha thibitisha kwa multimita kwenye nyaya za thamostati kwamba umeme haupo. Tesita ya kalamu isiyogusa waya haitoshi kwa uthibitisho huu.

Kuna hatari nyingine isiyo ya umeme ambayo lazima itangulie. Dari za zamani zilizopakwa mapambo ya chembechembe, na hata plasta ya kawaida ya wakati huo, zinaweza kuwa na asbesto. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku kupulizia mapambo yenye asbesto mwaka 1978, na mwaka huohuo ikazuia rangi ya risasi majumbani, lakini kilichokwisha kupakwa kilibaki. Kuangalia dari kwa kamera hakuna madhara. Kuikwangua, kuisugua, kuibandua gundi au kuitoboa kunaweza kupeperusha nyuzi ambazo mapafu hayazitoi tena. Kwa hiyo ikiwa nyumba yako ilijengwa kabla ya miaka ya 1980, peleka sampuli maabara kabla ya kushika chombo chochote chenye ncha, na hata kuchukua sampuli hiyo ni afadhali umwachie mwenye mafunzo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kusafisha nyumba iliyokwisha kuchafuliwa, na watoto wanaolala chini ya dari hiyo hawana namna ya kujilinda wenyewe.

Baada ya hapo soma nyumba. Fungua mlango wa boksi la breka uone kama kuna breka za ncha mbili zilizoandikwa majina ya vyumba pamoja na neno la joto. Angalia thamostati: ya joto la dari hubeba volti 240 moja kwa moja, kwa hiyo nyaya zake ni nene, tofauti na zile nyembamba kama za kengele zinazotumika kwenye mitambo ya gesi. Ndani ya boksi la thamostati utakuta ncha baridi, yaani kile kipande cha waya kisichotoa joto kinachounganisha dari na ukuta. Kanuni inadai kiwe na urefu wa angalau mita 2.1 na kiwe na rangi ya kutambulisha volti yake: njano kwa 120, buluu kwa 208, nyekundu kwa 240. Baadhi ya mafundi wa zamani waliacha kadi au mchoro ndani ya boksi la breka, nawe ukiupata umeokota dhahabu, ingawa bado utauthibitisha.

Wengine husema hakuna haja ya haya yote, nitapanda juu ya dari chini ya paa nikaangalie. Panda, lakini usitarajie kuona waya. Waya umebanwa upande wa chini wa ubao wa jipsamu, wewe uko upande wa juu, na kati yenu kuna ubao na lundo la sufi ya kuzuia baridi. Utakachokiona ni mwelekeo wa boriti, maboksi ya taa yaliyopo, na mahali ncha baridi zinapozama. Hayo yana thamani yake. Waya wa joto unafuata mwelekeo wa boriti na kuzivuka hasa mwishoni mwa chumba, kwa hiyo ukijua boriti zinaelekea wapi umekwisha kujua mistari inaelekea wapi. Tena, kanuni inadai chini ya kila boriti kuachwe ukanda wa milimita 65 usio na waya, ili misumari ya ubao wa chini ipite. Kumbuka ukanda huo, tutaurudia.

Chombo kikuu cha kazi hii ni kamera ya joto. Haionyeshi umeme, inaonyesha tofauti za joto juu ya uso wa dari. Ndiyo maana wakati ni muhimu kuliko bei ya kamera. Ukiingia chumba ambacho joto lake limewashwa tangu asubuhi utaona dari nzima imekuwa rangi moja, na unaweza kuapa kwamba hakuna waya. Unachotaka ni dari iliyolala baridi. Zima joto usiku kucha, fungua madirisha kidogo kama hali ya hewa inaruhusu, kisha alfajiri washa breka, pandisha thamostati hadi mwisho, na anza kuangalia. Joto linahitaji dakika kumi hivi kupenya milimita 13 za jipsamu, na linahitaji muda unaokaribia mara mbili ya huo kusambaa kando mpaka mstari mmoja uungane na jirani yake. Kati ya nyakati hizo mbili kuna dirisha fupi ambalo mistari inaonekana mikali kama mifupa kwenye picha ya eksirei. Piga picha nyingi katika dakika hizo. Ukichelewa, zima, subiri saa kadhaa, anza upya. Usikubali picha yenye ukungu kwa sababu tu umechoka. Kiangazi, mchana, jua linapopiga paa, joto la juu hushuka na kuuficha mchoro wote. Hapo alfajiri ndiyo saa pekee inayofaa.

Kamera ya bei nafuu inayochomekwa kwenye simu inatosha, mradi uijue mipaka yake. Kamera yenye nukta 160 kwa 120, ukiishika umbali wa mita moja kutoka dari, kila nukta ya picha hubeba takriban milimita 6. Mistari iliyoachana milimita 38 itatengana vizuri. Ukisimama sakafuni dari ikiwa mita moja na nusu au zaidi juu ya kamera, nukta zinapanuka, mistari inaanza kulegea. Panda ngazi. Tatizo lingine ni kwamba simu hizo huchanganya picha ya joto na picha ya kawaida kutoka lenzi mbili zilizoachana, na kwa karibu picha hizo hazilingani. Mstari unaweza kuonekana sentimita mbili pembeni ya ulipo. Zima uchanganyaji huo, tumia picha ya joto peke yake, na uweke alama ambazo kamera ya joto yenyewe inaziona. Vipande vidogo vya utepe wa alumini hufanya kazi hiyo vizuri kwa sababu chuma king'aacho hakitoi miale ya joto kama rangi ya ukuta, kwa hiyo kinaonekana kama doa tofauti. Bandika vipande viwili au vitatu kwa umbali uliopimwa kutoka ukutani, na picha yako inageuka kuwa ramani yenye vipimo. Kidole chako nacho ni alama: kisogeze darini ukitazama skrini mpaka kiguse mstari, kisha weka nukta ya penseli hapo. Kama huna uwezo wa kununua kamera, maduka ya kukodisha vifaa huwa nazo, na baadhi ya maktaba za umma huko Marekani na Kanada huziazima kama vitabu.

Vipi vyombo vingine? Kitafuta boriti kinachotambua pia umeme kitalia karibu kila mahali chini ya dari ya namna hii, kwa kuwa waya uko kila mahali na jipsamu huusambaza uga wake. Kitakwambia kwamba umeme upo, jambo ambalo ulishalijua. Vyombo vinavyosikiliza sumaku ya mkondo vina shida nyingine: mstari mmoja unaenda, jirani yake unarudi, na sumaku zao hufutana kwa sehemu kubwa. Wapo wanaonyunyizia dari maji kidogo na kuangalia mistari ipi inakauka kwanza. Mantiki yake ni sahihi, lakini siishauri hata kidogo. Waya una umeme wakati huo, ganda lake lina umri wa mzee, na hujui kama lina ufa. Kitafuta boriti kitumie kwa kazi yake halisi, yaani kutafuta boriti, ambazo kwa kawaida zimeachana sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati.

Hata kamera nzuri ni shahidi mmoja, nami nashikilia kwamba mashahidi wawe wawili. Shahidi wa pili ni hesabu ya ukinzani, na uzuri wake ni kwamba haitegemei macho kabisa. Breka ikiwa imezimwa na kuthibitishwa, nyaya za dari zikiwa zimetenganishwa na thamostati, pima omu kati ya ncha zake mbili. Kama hujawahi kufanya kipimo hiki, mwite fundi umeme mwenye leseni akufanyie. Ni kazi ya dakika chache. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 kinachosoma omu 28.8. Volti 240 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, zikagawiwa kwa 28.8, zinatoa wati 2000. Kwa wati 9 kwa mita, huo ni waya wa mita 222 hivi. Eneo la dari ni mita za mraba 20. Toa kando za ukuta na sehemu nyingine zisizotandazwa waya, zibaki tuseme 17. Gawa 17 kwa 222: mistari imeachana kwa wastani wa milimita 77. Sasa rudi kwenye picha zako. Ukiona mistari iliyoachana kati ya milimita 70 na 90, mashahidi wanakubaliana. Ukiona milimita 150, nusu ya waya imekupotea. Pengine ulichelewa, pengine kuna tabaka nene la plasta, na ile nafasi pana uliyokwisha kuizungushia penseli ina waya katikati yake. Multimita isiposoma kitu chochote, waya umekwisha kukatika mahali, na hilo ni jambo la kujua kabla hujalaumiwa wewe.

Tuseme ramani imekamilika na ni sahihi. Inasema nini kuhusu daunlaiti? Katika dari yenye mistari kila milimita 77, tundu la milimita 100 halina mahali pa kukaa bila kukutana na mstari angalau mmoja. Hata dari yenye mistari iliyoachana zaidi haiwi salama, kwa sababu kanuni inadai milimita 50 za nafasi kutoka kwenye ukingo wa taa ya kuzamishwa. Taa yenye ukingo wa milimita 120 inahitaji uwazi wa 220. Taa ya kubandikwa inadai zaidi: waya wa joto uwe umbali wa milimita 200 kutoka ukingo wa boksi lake. Boksi la milimita 100 linahitaji duara tupu la nusu mita. Duara la namna hiyo halitokei kwa bahati katika dari iliyotandazwa waya. Liko pale tu ambapo fundi wa mwanzo aliliacha makusudi. Hapo ndipo hoja yangu inapolala: kamera ikionyesha upenyo wa sentimita nane kati ya mistari miwili, hamu ya taa itakuita utoboe katikati, na keekee inaweza hata kupita salama, lakini taa itakayokaa hapo itapashwa joto kutoka pande zote na kuutegea waya huo kwa miaka, kila unapobadilisha balbu au kukaza skrubu. Vifaa vya elektroniki ndani ya taa za LED havipendi joto. Kanuni yenyewe inachukulia waya wa umeme unaopita juu ya dari hiyo kuwa uko kwenye joto la nyuzi 50 za Selsiasi, na kutaka uinuliwe angalau milimita 50 juu yake.

Kwa hiyo tafuta kile ambacho dari imekubali tayari. Kama kuna boksi la taa la zamani, hata lililozibwa kwa kifuniko na kupakwa rangi, kamera itakuonyesha duara baridi kulizunguka; hapo ndipo pa taa yako, na taa bapa ya LED yenye mwanga wa kutosha inaweza kuangaza chumba kizima. Kama halipo, geukia kuta. Kuta za ndani katika nyumba hizi hazina waya wa joto isipokuwa ncha baridi inayoshuka kuelekea thamostati, kwa hiyo kwepa mstari wima ulio juu ya thamostati na uweke taa za ukutani zinazomulika dari. Mwanga unaogonga dari nyeupe na kurudi ni laini, hauumizi macho, na kwa sebule naupendelea kuliko ule wa daunlaiti hata pale ambapo dari ingeruhusu. Ile soketi inayotii swichi ya mlangoni inaweza kuendesha taa ndefu ya kusimama. Na ule ukanda wa milimita 65 chini ya boriti unaweza kupokea ndoana moja ya taa ya kuning'inia inayochomekwa soketini, mradi kamera imethibitisha kwamba ukanda upo, kwa maana si kila aliyejenga aliifuata kanuni. Kengele ya moshi nayo haihitaji dari: inaweza kufungwa ukutani, sehemu yake ya juu isizidi milimita 300 chini ya dari.

Limebaki pingamizi lenye nguvu kuliko yote: mfumo huu ni wa kizamani, unakula umeme, niuzime moja kwa moja nitoboe nipendavyo. Ni uamuzi halali, mradi ufanywe wote. Kuzima thamostati siyo kuuondoa mfumo. Fundi mwenye leseni atenganishe nyaya kwenye boksi la breka na kwenye thamostati za kila chumba, aziwekee lebo, na apime kuhakikisha hakuna waya wa dari uliounganishwa na sakiti nyingine. Chumba nacho lazima kipate joto mbadala kwanza. Kanuni za nyumba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani zinadai vyumba vya kuishi viweze kufikia nyuzi 20 za Selsiasi wakati wa baridi. Suala la asbesto linabaki palepale. Na kama wewe ni mpangaji, uamuzi si wako: omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na kibali cha halmashauri pale kinapohitajika. Usichoweza kufanya ni kuchukua njia ya katikati, yaani kukata kipande cha waya kinachokuzuia na kuunganisha ncha zilizobaki. Waya uliofupishwa kwa asilimia 10 unatoa joto zaidi kwa kila mita, takriban asilimia 23, nao ulipangiwa wati 9 na kiwanda. Kuna viungio maalumu vya kurekebisha waya uliokatika bila kuufupisha, na vinazikwa tena ndani ya plasta, lakini hiyo ni kazi ya mwenye leseni.

Taa ikishafungwa, kazi ina saa moja imebaki. Pima omu tena kabla ya kurudisha thamostati. Kama chumba kilisoma 28.8 asubuhi, kisome hivyohivyo jioni. Mwombe fundi apime na ganda la waya kwa kipima insulesheni, kati ya waya na ardhi, kwa sababu multimita ya kawaida haigundui mchubuko mdogo. Kisha acha dari ipoe, washa joto, na uipitishe kamera mara ya mwisho. Mistari yote iwe mizima, hakuna mmoja unaong'aa kuliko wenzake. Chapisha picha zile zenye alama za alumini, andika vipimo kutoka ukutani, omu za kila chumba na tarehe, na uzibandike upande wa ndani wa mlango wa boksi la breka, mahali ambapo fundi atakayekuja baada yako atafungua kwanza.